Kichwa cha treni ya mfano kimegoma: msake mchawi kabla hujafungua mota

Jumapili moja kwenye soko la mitumba hapa Uingereza nilichomoa kichwa cheusi cha Tri-ang, kampuni ya zamani ya treni za mfano, kutoka kwenye boksi la vyuma chakavu. Ni kile kidogo cha magurudumu sita wanachokiita Jinty, na kilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: mota imekufa, pauni nane. Nilipofika nyumbani nilikilaza chali juu ya taulo, nikagusisha betri ya volti 9 kwenye magurudumu. Kimya. Nikagusisha waya zile zile moja kwa moja kwenye mota. Ikanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Mota haikuwa imekufa. Ulimi mwembamba wa shaba unaochukua umeme kutoka kwenye gurudumu ulikuwa umepinda, ukaacha upenyo wa unene wa kucha. Niliurudisha kwa ncha ya bisibisi, kazi ya sekunde kumi.

Vichwa vingi vinavyouzwa kama "mota mbovu" viko hivyo, na vingine huharibiwa na yule yule anayejaribu kuviponya. Mtu akiona treni haiendi, mkono unakimbilia bisibisi, mota inafunguliwa, springi inaruka chini ya kabati, sumaku inatolewa bila sababu. Ugonjwa ulikuwa uchafu kwenye reli. Kwa hiyo humu nitakuzuia kufungua mota kwa muda mrefu kidogo. Nivumilie.

Nitazungumzia zaidi mota ya X04, ile ya wazi iliyotumika kwenye treni za Tri-ang zilizotengenezwa Margate, mji wa Uingereza, na baadaye kwenye za Hornby. Zimejaa sokoni, vipuri vinapatikana, na kila kitu unakiona kwa macho. Ukiielewa hiyo, mota nyingine za volti 12 hazitakutisha. Treni za Märklin za mkondo geu ni ukoo mwingine. Hizo usizipime kwa maelezo haya.

Njia ya umeme

Umeme hutoka kwenye kontrola, lile sanduku la kuongeza na kupunguza mwendo, hupita reli moja, hupanda gurudumu, huingia kwenye ulimi wa shaba, hufika kwenye kaboni ya kwanza, hupita kwenye amecha, hutoka kwa kaboni ya pili, huingia kwenye fremu ya chuma, hushuka kwa magurudumu ya upande wa pili, na kurudi kontrola kwa reli ya pili. Ikikatika sehemu moja tu, kichwa kinasimama.

Amecha, kama wanavyoiita mafundi wa drili na stata za magari, ni ule mhimili unaozunguka ukiwa umesukwa waya wa shaba. Mwisho wake mmoja una komuteta: pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, ndipo zinapokanyaga kaboni, vile vipande vidogo viwili vinavyoingiza na kutoa umeme. Kwenye vichwa vya aina hii magurudumu ya upande mmoja yametengwa na ekseli kwa plastiki, na ya upande wa pili yanagusa fremu. Likumbuke hilo la upande mmoja, litarudi.

Vifaa si vingi. Betri mpya ya volti 9 yenye waya mbili, bisibisi ndogo, mita ya umeme hata ya bei poa, pamba za masikio, vijiti vya meno, kibanio, mafuta mepesi yasiyoharibu plastiki, na alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi. Spiriti ya kupaka kwenye ngozi sikushauri. Inayouzwa huku Uingereza huchanganywa na mafuta ya mbarika, na mafuta ndiyo tunayoyatoa. Ongeza balbu ndogo ya volti 12 ya dashibodi ya gari na uichomelee waya mbili. Nitakwambia kwa nini inaishinda mita.

Kwanza, betri

Ondoa kichwa relini. Kilaze chali. Gusa waya mmoja wa betri kwenye gurudumu la kushoto na mwingine kwenye la kulia. Jaribu magurudumu yote, si mawili tu, kwa sababu mara nyingi ni moja au mawili yanayobeba kazi yote na mengine ni wasindikizaji.

Magurudumu yakizunguka, kichwa ni kizima na ugonjwa uko nje: kontrola, waya au reli. Yasipozunguka, peleka waya kwenye mota yenyewe, kila mmoja kwenye kaboni yake. Mota ikizunguka hapo, basi tatizo liko kati ya gurudumu na kaboni. Ikikataa hata hapo, sasa ndiyo unaweza kuishuku mota, na bado tusiihukumu.

Usishikilie betri kwa muda mrefu kama hakuna kinachotembea. Mota hizi za zamani zinakula umeme mwingi kuliko za kisasa, na mota iliyokwama hula zaidi ya inayozunguka. Betri ikipata joto mkononi, acha: hiyo ni shoti au mota iliyoganda. Kimya cha baridi na kimya cha moto si ugonjwa mmoja. Cha baridi maana yake njia imekatika. Cha moto maana yake umeme unapita, ila haufanyi kazi au umepata njia ya mkato.

Ugonjwa ukiwa nje

Hapa ndipo balbu inapofanya kazi. Gusa waya zake kwenye tundu za kontrola, kisha kwenye reli karibu na zinapoingia waya, kisha mbali, kisha upande wa pili wa kila kiungio. Iwake sawa kila mahali. Ikififia baada ya kiungio fulani, umeshampata.

Mita hapo inaweza kukudanganya vizuri sana. Kiungio kilichoshika kutu kinaweza kuonyesha volti 12 kamili kwa sababu mita haiombi umeme wa maana, inachungulia tu. Balbu inaomba, na kiungio kibovu kikiombwa kinaishiwa. Nimepoteza jioni nzima nikiiamini mita kuliko treni, na treni ndiyo iliyokuwa inasema kweli.

Angalia pia pointi, zile reli zinazogeuza treni kutoka njia moja kwenda nyingine. Pointi nyingi hupeleka umeme upande zilikoelekezwa tu, kwa hiyo kichwa kilichosimama kwenye njia ya pembeni huku pointi ikielekea njia kuu hakitasogea, wala hakiumwi. Ni kosa la kuchekesha mpaka likupate mbele ya wageni.

Reli yenyewe ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa isopropili kidogo, na uendelee hadi kitambaa kisitoke na mstari mweusi. Msasa usipeleke. Unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo inashika uchafu haraka kuliko ulivyoutoa. Reli za zamani za chuma hushika kutu, na anayeishi karibu na bahari atazifuta mara nyingi kuliko wa bara. Zile za aloi ya nikeli zina afadhali.

Kontrola ikiwa ndiyo mbovu, usifungue sanduku lake. Ndani mnaingia umeme wa ukutani, volti 230 huku na karibu hizo hizo Nairobi na Dar es Salaam. Kontrola kuukuu ya mitumba ambayo waya wake umekauka na kupasuka ni ya kutupa, hata kama inafanya kazi.

Kati ya gurudumu na kaboni

Geuza kichwa, uangalie ukingo wa magurudumu. Ule utando mweusi ni mchanganyiko wa vumbi, mafuta na mabaki ya cheche. Pamba ya masikio na isopropili vinatosha. Ulioganda sana ulainishe kwanza, kisha ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno. Nyuma ya gurudumu, pale ulimi unapogusa, watu huwa hawasafishi, na ndipo pa maana.

Kila ulimi lazima uguse gurudumu lake muda wote, hata gurudumu likisogea kushoto na kulia kwenye ekseli. Usiukaze kupita kiasi, utageuka breki. Mimi huusukuma kwa ncha ya kibanio nikauachia. Ukirudi wenyewe na kugusa, basi. Kisha fuata waya unaotoka hapo hadi kwenye mota na uuvute kidogo kwa kibanio. Ncha iliyolehemiwa vibaya huonekana nzima hadi uiguse.

Vichwa vyenye tenda, lile behewa la makaa linalofuata nyuma ya kichwa, vina mtego wao. Kwenye Hornby nyingi ambazo mota imo ndani ya tenda, umeme wa reli moja huchukuliwa na kichwa na wa reli ya pili na tenda, na viwili hivyo huunganishwa na kile chuma cha kuvutia. Pini yake ikipata utando, treni nzima inazimika. Isugue, kisha ujaribu tena kabla ya kufanya lolote. Na ukiipima tenda peke yake bila kichwa chake kwenye reli, haitatembea hata kama ni mpya kabisa.

Sasa mota

Umefika hapa kwa sababu betri kwenye kaboni haikuamsha kitu. Bado weka bisibisi chini. Zungusha amecha kwa kidole. Utahisi inaruka kwa hatua ndogo ndogo, inang'ang'ania kidogo kisha inaachia. Hiyo ni sumaku inavuta ncha tatu za amecha na ni dalili njema. Isipozunguka kabisa, kuna kitu kimeishika.

Mara nyingi ni mafuta ya miaka mingi yaliyogeuka gundi, au nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli na kwenye ile gia yenye umbo la skrubu. Wanaocheza na treni sakafuni wanajua. Vuta nyuzi kwa kibanio, zile ngumu zikate kwa wembe ukielekeza makali mbali na vidole na waya. Mafuta yaliyoganda yafute kwa isopropili, acha yakauke, kisha tone moja la mafuta mapya kila mwisho wa mhimili. Tone moja ni lile linaloning'inia kwenye ncha ya sindano.

Mota ikiwa bado ngumu, itoe kwenye fremu. Kwenye Jinty ni skrubu moja ya nyuma, kisha inainuka. Ikizunguka vizuri ikiwa peke yake, basi lawama ni ya gia au magurudumu: jino limevunjika, gia ya plastiki imepasuka, au fimbo za pembeni zimekwama kwa sababu gurudumu moja limeteleza kwenye ekseli yake. Sukuma fremu tupu mezani bila mota, itembee kama kigari. Ikikwama mahali pale pale kila mzunguko, umepata jino lako au fimbo yako.

Kaboni na komuteta

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwingine, na ndipo X04 inapopendeza, kwa sababu yote haya hufanyika bila kuigusa sumaku.

Kaboni mbili hukaa kwenye vikono vyake, na zote mbili hubanwa na springi moja ya mkunjo kama pini ya nywele. Kabla ya kuitoa, piga picha kwa simu. Weka mota ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, uingize mikono na ufanyie kazi humo. Springi ikiruka itagonga plastiki badala ya kutalii chumbani. Jirani aliniona nikifanya hivyo akauliza kama nafanya upasuaji.

Tazama mguu mmoja wa springi: umevaa soksi ndogo ya plastiki. Hiyo soksi ndiyo inayotenga kaboni mbili. Ikianguka, umeme unapita kwenye springi kutoka kaboni hadi kaboni, hauiingii amecha, kontrola inazima au inapata moto, na mtu anasema mota imeungua. Kama haipo, chuna ganda la waya mwembamba, ukate kipande cha milimita chache na ukivishe. Kama ipo lakini imechanika, badilisha vilevile. Na ukirudisha, hakikisha mguu wenye soksi umekaa upande wa kaboni inayopokea waya, si upande ulioungana na fremu.

Kaboni nzima ina uso uliochongeka kidogo kufuata duara la komuteta na inang'aa kijivu. Iliyoisha ni fupi kiasi kwamba kikono chenyewe kinakaribia kukanyaga shaba. Ikifika hapo itachimba komuteta. Jozi mpya ni rahisi, badilisha zote mbili pamoja. Kaboni nzima iliyojaa mafuta iloweshe isopropili, uikaushe, uirudishe upande ule ule ilikokuwa.

Komuteta sasa. Inapaswa kuwa na rangi ya shaba iliyotumika. Nyeusi tii si nzuri. Bana pamba ya masikio iliyolowana dhidi yake, uzungushe amecha kwa mkono, ubadilishe pamba hadi itoke safi. Kisha chukua kijiti cha meno, upitishe ndani ya kila mfereji kati ya vipande vitatu. Utashangaa kinachotoka: unga mweusi wa kaboni uliochanganyika na mafuta, na unga huo unapitisha umeme. Mifereji ikijaa, vipande vitatu vinakuwa kama kimoja na mota inajikausha nguvu yenyewe. Sindano au kisu usitumie, vitaacha kovu litakalokwangua kaboni mpya.

Mafuta kwenye komuteta, hata tone, hapana. Wala usipulizie ile dawa ya kulegeza nati iliyoko gereji. Mota itafurahi dakika tano, halafu itarudi kwako ikiwa nyeusi zaidi.

Rudisha kaboni na springi, jaribu betri tena. Kwa mota za aina hii, wengi wanaishia hapa wakiwa na tabasamu.

Kuipima amecha

Imekataa bado? Toa kaboni, weka mita kwenye omu, upime kipande cha kwanza cha komuteta na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba zenyewe si muhimu kama kulingana kwake. Tatu zinazokaribiana ni afya.

Tuseme kila koili ina omu 18. Kwa kuwa zimeungwa pembetatu, amecha nzima itakuonyesha 12, 12 na 12. Koili moja ikikatika utaona 36, 18 na 18: moja mara mbili ya wenzake. Mota ya namna hiyo hutembea ukiisukuma, hurusha cheche, kisha husimama na kukataa kuanza ikiwa imelala mahali pabaya. Ukiona kipande kimoja hakisomi chochote na vingine viwili, waya umeachia pale ulipolehemiwa kwenye komuteta. Hapo kuna matumaini. Mguso wa haraka wa risasi ya kulehemia unaweza kuirudisha. Waya iliyokatika ndani ya msuko ni kazi ya kusuka upya, na kwa X04 mimi hununua mota nyingine chakavu nikachanganya vipuri.

Pima pia kati ya kipande chochote cha komuteta na mhimili. Mita isisome kitu. Ikisoma, ganda la waya limeungua na umeme unavujia kwenye chuma.

Sumaku ndiyo iliyobaki. Mota inayozunguka kwa kasi lakini haina nguvu ya kuvuta behewa, na inapata joto upesi, huenda sumaku yake imechoka. Hizi za zamani zina tabia moja: ukiitoa sumaku kutoka kati ya vyuma vyake bila kuweka kipande cha chuma mahali pake, inapoteza nguvu. Ndiyo maana nilikuzuia mwanzoni. Siku hizi zinauzwa sumaku ndogo za neodimiamu za kuweka badala yake, na mota inarudi ujana.

Mota za kopo, na treni za kidijitali

Vichwa vya kisasa vina mota iliyofungwa ndani ya kopo la chuma. Hiyo haifunguliwi. Ikizunguka kwa betri iachie, isipozunguka ibadilishe. Kabla ya hapo angalia kapasita ndogo iliyounganishwa kati ya waya zake mbili kwa ajili ya kuzuia mikwaruzo ya redio; ikipata shoti inaifanya mota ionekane imekufa. Ikate upande mmoja, ujaribu.

Kwenye mfumo wa kidijitali, anza na namba ambayo kontrola hukiitia kichwa. Dikoda, ile bodi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri, ikiwa mpya huitikia namba 3. Usiguse waya zilizounganishwa na dikoda kwa betri yako. Chomoa dikoda, weka mahali pake ile plagi ndogo iliyokuja na kichwa, ukipime kama cha analogi. Na kichwa cha zamani kisicho na dikoda usikiegeshe kwenye reli ya kidijitali: kitavuma kimesimama, kikipata moto, hadi amecha iungue kweli.

Kurudisha

Ukirudisha magurudumu kwenye fremu, kumbuka lile la upande mmoja. Magurudumu yote yenye plastiki katikati lazima yawe upande mmoja, ule wenye ulimi wa shaba. Ukigeuza ekseli moja tu umetengeneza shoti kwa mkono wako mwenyewe, na utaanza kuilaumu mota uliyoisafisha vizuri. Pima kwa mita kabla ya kuwasha: gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli ile ile, kaboni zikiwa zimeinuliwa, lisisome kitu.

Paka grisi kidogo kwenye gia, tone la mafuta kwenye kila bushi ya ekseli, ufute yaliyozidi. Weka kichwa relini bila ganda lake la juu na ukiache kizunguke nusu kasi, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, ili kaboni zikae sawa kwenye shaba. Kila dakika chache isogelee mota kwa kidole. Joto la kikombe cha chai kilichopoa ni sawa; ikikufanya uondoe kidole, zima urudi kwenye mifereji ya komuteta. Cheche chache za buluu mwanzoni zisikushtue. Jinty yangu ilirusha nyingi mizunguko kumi ya kwanza, kisha zikapungua hadi nikalazimika kuzima taa ya chumba ili nizione.